Umahiri wa Uhandisi wa Nishati na Petroli: Walichokuwa Wakikitafuta Kwenye Transkripti Yangu

Barua iliyoninyima nafasi ya kusomea shahada ya umahiri, yaani masters, niliipokea Machi 2015, nikiwa nimepanga chumba Tabata na nikifanya kazi ya mkataba katika karakana moja ya mitambo kwenye Barabara ya Nyerere. Ilikuwa na aya mbili tu. Ya kwanza ilinishukuru kwa kuomba, na ya pili ilieleza kwamba kamati ya udahili haikuweza kuthibitisha, kutokana na hati nilizotuma, kwamba nilikuwa na msingi wa kutosha katika mwendo wa maji na gesi na katika kemia. Niliisoma mara nyingi usiku ule, kwa sababu mwendo wa maji na gesi nilikuwa nimeusoma mihula miwili na kupata B+ zote mbili, na kemia nilikuwa nimeifanya tangu kidato cha kwanza hadi mwaka wa pili wa chuo.

Miezi saba baadaye, mwezi Oktoba, lilizinduliwa bomba la gesi linalotoka Madimba mkoani Mtwara hadi Kinyerezi, na jiji zima likawa linazungumzia gesi. Mimi, mhandisi wa mitambo niliyekuwa nimehitimu miaka miwili nyuma, nilikuwa nimebaki na barua ile kwenye droo. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba kamati haikuwa imekosea. Nilikuwa nimewatumia transkripti, yaani karatasi ya matokeo yenye namba za kozi na majina mafupi, mengine yakiwa maneno mawili tu, na kwenye jina la kozi moja, ambayo ndani yake tulisoma kemia ya mwako na ya kutu, neno kemia halikuwepo kabisa. Msomaji aliyekaa ofisini maelfu ya kilomita kutoka Ubungo hakuwa na njia yoyote ya kujua kilichofundishwa humo, na hakuwa na wajibu wa kubahatisha.

Nimekumbuka haya kwa sababu Jumapili iliyopita binti wa jirani yetu, aliyehitimu uhandisi wa mitambo mwaka jana, alikuja nyumbani na bahasha. Baada ya shikamoo na maji ya kunywa alinieleza shida yake: “Dada, naomba unisaidie kuangalia kama sifa ninazo.” Alikuwa amechapisha kwenye steshenari ya mtaani kurasa nne za masharti ya kujiunga na umahiri wa uhandisi wa nishati na petroli, na alikuwa amepigia mstari sehemu moja tu, ile ya wastani wa alama. Palikuwa pameandikwa 3.0, yeye ana 3.6, na aliamini kwamba jambo limekwisha. Tukakaa hadi adhana ya magharibi, na mengi ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomweleza siku ile, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baada ya yeye kuondoka.

Nianze na wastani huo, kwa sababu ndiko wengi wetu tunakoanguka bila kujua. Vyuo vikuu vyetu vingi hutumia kipimo kinachoishia 5: A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2 na D ni 1. Kwa kipimo hicho, kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, kuanzia 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, na kuanzia 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, imeweka 2.7 kuwa kiwango cha chini cha kuingilia shahada ya umahiri nchini, ingawa chuo kinaruhusiwa kudai zaidi ya hapo. Marekani, na katika nchi nyingine nyingi zinazofuata mtindo wake, kipimo huishia 4, na 3.0 wanayoidai maana yake ni wastani wa B katika mfumo wao. Mtu akichukua 3.6 ya binti huyu na kuigeuza kwa hesabu ya kawaida ya kuzidisha kwa 4 na kugawa kwa 5, atapata 2.88, na maombi yatawekwa pembeni kabla hayajasomwa. Ilhali 3.6 hiyo ni daraja la pili la juu, na katika darasa lake aliyemzidi ni mtu mmoja kati ya kumi.

Tatizo hilo lina mzizi mwingine. Katika vyuo vyetu vingi A huanzia alama 70 kwa 100, na anayepata 65 katika mtihani wa themodinamiki, somo la joto na nishati, hutoka nje akiwa na furaha ya haki. Msomaji aliyezoea mfumo ambao A huanzia 90 ataiona 65 hiyo na kudhani mwanafunzi aliponea chupuchupu. Kwa hiyo nilimwambia binti ahakikishe kwamba upande wa nyuma wa transkripti yake, wenye maelezo ya kipimo cha alama, umepigwa picha na kutumwa pamoja na upande wa mbele, jambo ambalo wengi hulisahau kwa kuwa duka la nakala hunakili upande mmoja. Nilimshauri pia aombe idara yake barua fupi inayotaja nafasi aliyoshika katika darasa na idadi ya wanafunzi waliohitimu naye. Nafasi ya nne kati ya wanafunzi arobaini inaeleweka Dar es Salaam, Trondheim kule Norway na Texas bila kuhitaji kugeuzwa. Pale ambapo chuo kinataka transkripti itathminiwe na taasisi ya nje, ni vema kuchagua ile tathmini inayopima kozi moja baada ya nyingine, hata kama ada yake ni kubwa kuliko ya tathmini ya jumla.

Wastani, hata hivyo, ni mlango wa nje tu. Sehemu aliyoiruka binti, iliyokuwa ukurasa wa pili, ndiyo niliyomtaka aisome kwa sauti. Ilisema kwamba mwombaji awe na shahada ya kwanza ya uhandisi au sayansi inayokaribiana nayo, na kwamba shahada hiyo iwe na kiasi fulani cha hisabati na takwimu, fizikia na kemia, pamoja na masomo ya msingi ya uhandisi. Sharti la namna hii linafanana karibu kila chuo, maneno yakitofautiana kidogo, na limewekwa kwa sababu za kazi yenyewe. Nitazieleza sababu hizo kwa urefu, kwa kuwa anayezielewa hatahitaji tena mtu wa kumtafsiria orodha ya masharti ya chuo chochote.

Hisabati inatakiwa kwa sababu hifadhi ya mafuta au gesi chini ya ardhi haionekani. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuletwa Dar es Salaam mwaka 2004, haimo ndani ya pango, kama wengi wanavyodhani. Imo katika nafasi ndogo sana baina ya chembe za mwamba wa mchanga. Kisima kinapofunguliwa, mgandamizo hupungua karibu na kisima kwanza, kisha upungufu huo husambaa polepole kwenda mbali, siku baada ya siku na mwaka baada ya mwaka. Kujua gesi kiasi gani imebaki na kisima kitaendelea kutoa kwa muda gani ni kazi ya milinganyo ya mabadiliko, ile inayoeleza jinsi kitu kinavyobadilika kwa wakati na kwa umbali kwa pamoja. Mwanafunzi ambaye hisabati yake iliishia mwaka wa kwanza atafika kwenye somo la hifadhi wiki ya tatu na kukuta ubao umejaa alama asizozijua. Nimeona hilo likitokea kwa mwenzangu mwenye akili nyingi, mwanajiolojia aliyejua kuusoma mwamba kuliko sisi sote, ambaye ilibidi arudishwe kuchukua kozi mbili za hisabati za shahada ya kwanza kabla ya kuendelea, na muhula mzima ukampita.

Mwendo wa maji na gesi unatakiwa kwa sababu hiyohiyo. Kanuni inayotawala mwendo wa mafuta ndani ya mwamba ilitolewa na Mfaransa Henry Darcy mwaka 1856, wala yeye hakuwa anatafuta mafuta. Alikuwa akishughulikia maji ya kunywa ya mji wa Dijon, akipima jinsi yanavyopenya kwenye mchanga wa kuchujia. Mwanafunzi anayekuja umahiri akiwa ameielewa kanuni hiyo kwa maji tu ana nusu ya safari, kwa sababu ndani ya hifadhi maji, mafuta na gesi hupita pamoja katika nafasi zilezile, kila kimoja kikimzuia mwenzake.

Themodinamiki na uhamisho wa joto ndiyo masomo ambayo mhandisi wa mitambo au wa kemikali anayo tayari, na mara nyingi hajui thamani yake. Nilimuuliza binti alifanya nini katika mafunzo kwa vitendo ya mwaka wa tatu. Alisema alipelekwa kwenye kituo kimoja cha kupokelea gesi, na kwamba kazi yao ilikuwa ndogo: kuandika kwenye daftari, kila baada ya saa moja, mgandamizo na jotoridi kabla na baada ya vali ya kupunguzia mgandamizo. Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja jambo lisilo na uzito, kwamba kilichomshangaza ni kuona bomba baada ya vali linatoa jasho na kuwa baridi mkononi katika joto la Januari la Dar es Salaam, na kwamba alimuuliza fundi na hakupata jibu la kumridhisha. Nilimwomba arudie maneno hayo, nikayaandika pembeni mwa karatasi yake.

Gesi asilia inaposhushwa mgandamizo ghafla hupoa, takribani nusu digrii kwa kila bar moja (kipimo cha mgandamizo) inayopungua, na ndiyo sababu vituo vingine huweka hita ya kuipasha moto kabla ya vali. Jambo hilohilo, likipelekwa kwenye kina cha bahari, ni tatizo la mabilioni ya fedha. Sehemu kubwa ya gesi iliyogunduliwa katika bahari ya kusini mwa nchi yetu tangu mwaka 2010, katika visima vilivyopewa majina kama Pweza, Chewa, Zafarani na Jodari, iko chini ya maji marefu, kwingine kina kikizidi mita 2,000, ambako sakafu ya bahari ina baridi ya digrii chache tu. Gesi yenye unyevu ikikutana na baridi hiyo chini ya mgandamizo mkubwa, maji na methani hushikana na kuwa haidreti, kitu kigumu kinachofanana na barafu, kinachoweza kuziba bomba zima. Atakayesanifu mabomba ya kuifikisha gesi hiyo nchi kavu mkoani Lindi, ambako mradi wa kuigeuza kuwa kimiminika umekuwa ukijadiliwa kwa miaka mingi, lazima ajue ni katika jotoridi gani na mgandamizo gani haidreti huzaliwa. Upande wa mafuta mfano uko karibu zaidi. Bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linatakiwa kupashwa joto njia nzima na kuwekwa karibu digrii 50, kwa kuwa mafuta ya Uganda yana nta nyingi na yakipoa huganda. Hilo ni swali la uhamisho wa joto, lile ambalo kila mwanafunzi wa mitambo hulifanyia mtihani mwaka wa tatu.

Kemia na jiolojia nitazipitia haraka. Anayetoka uhandisi wa kemikali hana shida na ya kwanza, anayetoka jiolojia au madini hana shida na ya pili, na asiye na jiolojia kabisa kwa kawaida hupewa kozi ya utangulizi katika muhula wa kwanza. Vyuo vya Marekani hasa vina utaratibu wa kumkubali mwombaji kwa sharti la kuchukua kozi za kujazia, na kozi hizo kwa kawaida hazihesabiwi katika krediti, yaani vipimo vya uzito wa masomo, za shahada, kwa hiyo mwombaji ajue mapema kwamba zitamwongezea muda na ada.

Dawa niliyoipata mimi mwaka 2016 ilikuwa ni maelezo ya kozi. Nilirudi katika chuo nilichosoma, nikaomba muhtasari rasmi wa kila kozi yenye uhusiano, ukiwa na mada zilizofundishwa, saa za mihadhara na vitabu vilivyotumika, nikautengeneza kuwa kijitabu kimoja chenye kurasa kumi na nne, chenye muhuri wa idara. Juu yake niliweka jedwali la ukurasa mmoja: upande wa kushoto sharti la chuo nilichoomba, upande wa kulia kozi zangu zinazolitimiza pamoja na krediti zake. Wastani wangu ulikuwa uleule, na hata barua zangu za mapendekezo ziliandikwa na walimu walewale. Safari hiyo chuo kimoja cha Norway kilinikubali, na katika barua yao walitaja kwamba maelezo ya kozi yamewasaidia kufanya uamuzi. Ndiyo maana nasema kwa uhakika kwamba sharti kubwa kuliko yote katika umahiri huu ni mwombaji kuweza kuitolea hesabu kila kozi aliyosoma. Anayeanza kukusanya maelezo hayo akiwa bado chuoni, mwaka wa pili au wa tatu, wakati walimu bado wapo na silabasi haijabadilishwa, anajirahisishia kazi ambayo mimi niliifanya kwa kupanda daladala mara sita.

Binti aliniuliza swali ambalo vijana wengi wananiuliza: je, petroli bado ina maisha, au atasomea kitu kinachokufa? Nilimwonyesha jina la shahada yenyewe. Idara iliyokuwa ikiitwa ya uhandisi wa petroli katika Chuo Kikuu cha Stavanger, mji wa Norway uliokua kwa mafuta ya Bahari ya Kaskazini tangu kugunduliwa kwa hifadhi ya Ekofisk mwaka 1969, sasa inaitwa ya nishati na petroli, na Chuo Kikuu cha Wyoming kilichoko Laramie, Marekani, kimefanya vivyo hivyo. Neno lililoongezwa lina kazi. Kuzika hewa ya ukaa katika miamba kunahitaji kanuni zilezile za Darcy, tofauti ni kwamba gesi inaingizwa badala ya kutolewa. Jotoardhi, ambayo hapa kwetu inatafutwa Ngozi mkoani Mbeya na maeneo mengine ya Bonde la Ufa, inahitaji uchorongaji na upimaji wa visima unaofanana na wa petroli. Hata heliamu iliyotangazwa mwaka 2016 kuwepo Bonde la Rukwa ni gesi inayopaswa kutafutwa kwa jiolojia na kutolewa kwa kisima. Zaidi ya hayo, nchi hii ilitegemea gesi asilia kwa zaidi ya nusu ya umeme wa gridi kwa miaka mingi kabla ya Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 kuanza kuzalisha, na gesi hiyo bado inahitajika viwandani, majumbani na sasa katika bajaji na magari yanayopanga foleni usiku kwenye vituo vya kujazia. Kwa maoni yangu, mtu wa hapa anayesoma fani hii asikwepe upande wa nishati kwa kudhani ni pambo. Achague kozi zake akiwa na jicho kwenye pande zote mbili.

Swali la kusoma hapa au nje lina majibu mengi kuliko wazazi wanavyodhani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kinafundisha uhandisi wa petroli, na kwa upande wa nishati endelevu Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, ina umahiri wake. Kwa mujibu wa TCU shahada ya umahiri isipungue krediti 180, kila krediti ikihesabiwa saa 10 za kusoma, na huo ndio uzito wa umahiri wa mwaka mmoja wa Uingereza. Norway na nchi nyingi za Ulaya bara hudai miaka miwili, krediti 120 za mfumo wao, ambapo mwaka mmoja ni 60 na tasnifu peke yake kwa kawaida huchukua 30. Anayesoma hapa ana faida moja isiyosemwa sana, nayo ni kwamba tasnifu yake inaweza kuhusu gesi yetu wenyewe, akawa na msimamizi anayewafahamu watu wa kuombwa takwimu. Anayekwenda nje hupata maabara na programu za kompyuta za kuiga mwendo wa hifadhi ambazo leseni zake ni ghali mno. Mimi nilikwenda nje na sijuti, lakini sikubaliani na wanaodai kwamba aliyebaki amekosa.

Kuhusu fedha, mambo yamebadilika tangu wakati wangu na ni lazima niseme wazi. Nilipokwenda Norway vyuo vya umma havikutoza ada ya masomo hata kwa wageni; tulichangia kiasi kidogo kila muhula na kugharimia chakula na chumba. Tangu muhula wa Agosti 2023 wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya wanatozwa ada, na ni ada kubwa. Anayesikia hadithi za kaka na dada zake waliosoma bure Trondheim asipange maisha yake juu ya hadithi hizo. Ufadhili wa serikali ya Uingereza uitwao Chevening bado uko wazi kwa Watanzania, ila unataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, kwa hiyo aliyehitimu mwaka jana asubiri. Serikali ya China nayo imekuwa ikifadhili Watanzania, na huko kuna vyuo vikuu mahususi vya petroli, Beijing na Qingdao.

Mtihani wa lugha unawaudhi wengi, nami nilikuwa mmoja wao: tumesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, kwa nini tupimwe tena? Vyuo vingine hukubali barua ya msajili inayothibitisha kwamba masomo yalifundishwa kwa Kiingereza, na ni vema kuiomba barua hiyo kwanza kabla ya kulipia mtihani. Panapohitajika IELTS, wastani unaotajwa mara nyingi ni 6.5, na matokeo hudumu miaka miwili tu, hivyo asiufanye mapema kupita kiasi. Sehemu inayowaangusha Watanzania ninaowafahamu ni ya kuandika. Nadhani ni kwa sababu uhandisi wetu hutufundisha kujibu kwa hesabu, na ripoti za mafunzo kwa vitendo tunanakili za waliotutangulia. Maombi ya Norway, kwa mfano, hufungwa kabla mwaka haujaisha kwa masomo yanayoanza Agosti ya mwaka unaofuata, na mtu akitoa hesabu ya wiki za kusubiri transkripti, muhuri wa wakili na matokeo ya mtihani, ataona kwamba kuanza Septemba ni kuchelewa.

Wadhamini, yaani wanaokuandikia barua za mapendekezo, ni jambo linalohitaji adabu na muda. Binti alitaka kumwomba mkuu wa kitivo chake, mtu mkubwa ambaye hakuwahi kumfundisha. Nilimshauri amfuate mhadhiri aliyesimamia mradi wake wa mwaka wa nne, amsalimie kwa heshima, ampelekee wasifu, transkripti na maelezo ya shahada anayoomba, na ampe wiki tatu. Barua ya mhadhiri wa kawaida inayoeleza jinsi mwanafunzi alivyotatua tatizo la pampu ina uzito kuliko ya mkubwa inayosema kwamba ana tabia njema.

Kuna sharti la mwisho ambalo halipo kwenye ukurasa wa chuo chochote cha nje, nalo humkuta mtu akiwa amesharudi. Shahada iliyopatikana nje inapaswa kutambuliwa na TCU kabla mwajiri wa serikali hajaipokea, kwa hiyo kila hati, pamoja na barua ya udahili, itunzwe. Tena umahiri haumfanyi mtu kuwa mhandisi aliyesajiliwa. Bodi ya Usajili wa Wahandisi huangalia shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi uliosimamiwa, na mpango wake wa mafunzo kwa wahandisi wahitimu huchukua miaka 3. Mimi niliondoka kabla ya kumaliza mafunzo hayo, na niliporudi mwaka 2019 nikiwa na umahiri mkononi nilianza chini ya usimamizi wa mhandisi niliyemzidi umri kwa mwaka mmoja. Alinifundisha mengi. Lakini ningeshauriwa mapema, ningejisajili kama mhandisi mhitimu wiki ileile niliyohitimu.

Jana jioni binti amenitumia rasimu mpya ya barua yake ya nia. Ile ya kwanza aliyokuja nayo Jumapili ilianza kwa maelezo kwamba tangu utotoni amekuwa akipenda sayansi na kwamba nishati ni injini ya maendeleo, sentensi ambazo kamati huzipokea kwa mamia. Hii mpya inaanza hivi: “Katika mwezi wa Januari, kwenye kituo cha kupokelea gesi, niligusa bomba lililokuwa likitoa jasho la baridi na sikuweza kueleza kwa nini.” Aya inayofuata ina vipimo kumi na viwili kutoka kwenye daftari lake la mafunzo kwa vitendo, na hesabu aliyoifanya mwenyewe wiki hii. Hesabu hiyo ina kosa dogo katika badiliko la vipimo. Nimemwandikia aje nalo Jumamosi, na aje na maelezo ya kozi ya themodinamiki yakiwa na muhuri.